Mvumilivu Hulipwa Mwisho

Mshahara ukiingia, wa kwanza kuchukua chao ni wale wasiokujua kwa sura. Hawapigi hodi. Wanakata juu kwa juu, na wewe unaletewa taarifa ya kilichobaki. Wanafuata wanaokujua kwa namba ya simu tu, wenye ule mkopo unaojilipa mara salio linapoingia. Kisha wanaoujua mlango wako, maafisa mikopo wa mtaani wanaofika Jumatatu asubuhi na daftari kwapani. Mwisho kabisa, kama kuna kilichosalia, ndipo anapokumbukwa Mangi wa dukani, na dada yako aliyetuma 150,000 mtoto alipolazwa, na jirani aliyekuazima mtungi wake wa gesi akasema utarudisha ukijaliwa.

Nimeishi kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam muda wa kutosha kuiona foleni hii ikijipanga vilevile katika nyumba hii na ile. Kila bei inapopanda, wa mbele hawasogei hata hatua moja. Wa nyuma ndio wanaoambiwa wasubiri mwezi mwingine. Tuna msemo tunaoupenda, kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli. Lakini msemo huo hausemi aanze kulipwa nani, na kwa nyumba zilizo nyingi mjini hilo ndilo swali lenyewe, maana fedha ya kuwalipa wote kwa pamoja haipo.

Tuanze na hati ya mshahara, maana huko ndiko foleni inakoanzia. Chukua mwalimu wa serikali mwenye mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya inachukua asilimia 3, ambayo ni 24,000, na chama cha walimu asilimia 2, 16,000. Kodi ya mapato, inayotozwa baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii, ni 68,000. Kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, nazo ni 120,000. Hapo zimeshaondoka 268,000 na benki haijatajwa. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake, kwa hiyo kwa mwalimu wetu benki ina nafasi ya kukata kama 265,000, na walimu wengi ninaowafahamu wameimaliza nafasi hiyo. Hawakuimaliza kwa anasa. Wapo waliopandisha vyumba viwili Chanika ili waondokane na kupanga, wapo waliouguza mzazi, wapo waliosomesha wadogo zao.

Kinachobaki mkononi ni kama 267,000. Theluthi hiyo iliwekwa kwa nia njema, imlinde mtumishi asije akafanya kazi mwezi mzima akaondoka mikono mitupu. Ila inachokilinda ni tarakimu. Unga ukipanda, theluthi inabaki theluthi, na chakula ndicho kinachopungua.

Na vitu vimepanda. Mpaka mwanzoni mwa 2022 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 400. Mei mwaka huo ikawa 500, Desemba 2023 ikawa 600. Mwalimu anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku 22 za kazi, alikuwa akitumia 35,200 kwa mwezi. Sasa anatumia 52,800. Hajabadilisha nyumba wala shule, na 17,600 zimeondoka. Sababu tulizisikia wote: vita ya Ukraine, bei ya mafuta katika soko la dunia, Agosti 2022 petroli ikauzwa 3,410 kwa lita hapa Dar, na hapo serikali ilikuwa tayari inatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Sababu zote hizo ni za kweli. Hakuna hata moja inayoweza kupelekwa kwa anayekudai akaipokea badala ya fedha.

Umeme nao una hesabu yake. Kwa mtumiaji wa kawaida uniti moja ni shilingi 292, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, mchango wa umeme vijijini asilimia 3 na wa mdhibiti asilimia 1. Ndiyo maana kila mtu mjini anajua kwa moyo kwamba luku ya 10,000 ni uniti 28. Tangu 2021 kodi ya majengo nayo inakatwa humohumo, kwanza 1,000 kwa mwezi, na kuanzia 2023 ni 1,500. Ukinunua luku ya 10,000 mwanzoni mwa mwezi, kodi ikishakatwa unapata uniti zisizofika 24. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na mpangaji aliambiwa amalizane naye. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, wapangaji wanachangishana, na sijawahi kumwona mpangaji aliyekwenda kwa baba mwenye nyumba kumdai 1,500 yake. Anaogopa ataambiwa atafute kwingine. Basi deni la mwenye mali linalipwa na asiye na mali, kila mwezi, kwa vidole vinavyobonyeza namba 20 za tokeni kwenye mita.

Kodi ya pango ndiyo inayoniumiza zaidi katika habari nzima ya madeni ya mjini, na nashangaa tunavyoizungumzia kidogo. Vyumba viwili vya 120,000 kwa mwezi mwalimu angevimudu kwa kujibana, lau angelipa mwezi kwa mwezi. Haruhusiwi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Miezi sita ni 720,000, na hakuna mtu anayebakiwa na 267,000 anayeweza kuziweka kando 720,000 huku akila, akipanda gari na akisomesha. Kwa hiyo anakopa. Itazame biashara hiyo kwa makini: mwenye nyumba amepokea fedha ya miezi mitano ambayo hajaitolea huduma yoyote, bila kulipa riba hata senti. Mpangaji, ili ampe mwenye nyumba mkopo huo usio na riba, amekwenda kuukopa kwingine kwa riba. Masikini amemkopesha mwenye nacho, akajiingiza deni kwa ajili hiyo. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu katika maisha ya mpangaji wa Tabata au Mbagala, ningeanzia hapo, kabla ya semina yoyote ya kuwafundisha watu kuweka akiba.

Akikosa benki, kwa kuwa theluthi imeshafikiwa, anakwenda kwa wa mtaani. Wanawake ndio walioipa mikopo hiyo sifa mjini, na jina lake la mtaani, kausha damu, limefika mpaka bungeni. Hesabu yake ya kawaida huwa hivi. Mama anaandikiwa 100,000. Anakatwa 5,000 ya fomu. Anatakiwa kurejesha 4,500 kila siku kwa siku 30, jumla 135,000. Juu juu riba hiyo ni asilimia 35 kwa mwezi, wakati Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa namna hiyo kikomo cha asilimia 3.5. Ni mara kumi. Na hata hiyo 35 haisemi yote, kwa sababu mama anaanza kurudisha siku ya pili. Ikifika katikati ya mwezi zaidi ya nusu ya fedha imesharudi kwa mwenyewe, ila riba inahesabiwa kana kwamba alikaa nayo yote mpaka mwisho. Akikwama siku mbili, wenzake wa kikundi wanalazimika kumlipia. Akikwama wiki, linachukuliwa godoro, televisheni, jiko la gesi. Nimeona jiko likibebwa na sufuria ya maharage imeteremshwa chini ili lipite.

Kisha zipo programu za simu. Mkopo wa simu wenyewe si jambo baya. Tangu M-Pawa ilipoanza 2014 watu wengi wamevuka usiku mgumu kwa 20,000 ya haraka. Ninazozungumzia ni zile zinazokuomba ruhusa ya kuingia kwenye orodha yako ya namba kabla hazijakupa hata shilingi. Ukichelewa, ujumbe unaanza kwenda kwa watu wako: kwa shemeji, kwa mkuu wa kazi, kwa katekista, kwa fundi aliyewahi kukutengenezea bomba. Jina lako, kiasi unachodaiwa, na maneno ya kukuita tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2022. Ni hatua nzuri na nimezifurahia. Lakini aliyekwisha kutangazwa kwa watu 200 hawezi kutangazwa upya kuwa ni mwaminifu.

Hebu tazama ni nani anaupokea ujumbe ule. Ni dada yuleyule aliyekutumia 150,000 bila riba, na bado hujamlipa. Simu yake inalia saa nne usiku, anasoma kwamba unadaiwa 45,000 na mtu asiyemfahamu, anaingiwa na hofu, anatuma. Sasa unadaiwa naye 195,000. Mkali amelipwa na mpole, na jina lako limebaki kwenye daftari la mpole, ambalo hata hakuliandika.

Hatulipi kwa kufuata haki, tunalipa kwa kufuata hofu. Na niwe mkweli, hata hesabu inatuunga mkono. Mwenye elimu ya fedha yeyote atakwambia umalize kwanza deni lenye riba kubwa, kwa sababu ndilo linalozaa. Deni lisilo na riba linaweza kusubiri, halikui. Kwa kalamu na karatasi, ushauri huo ni sahihi, na mtu anayezama kwenye kausha damu akiniuliza, nami nitamwambia hivyohivyo: toka huko kwanza, hata ikibidi Mangi angoje.

Ila si kweli kwamba deni la Mangi halikui. Halikui kwako. Kwake linakula.

Kaunta buku ya Mangi huwa chini ya meza, kando ya mizani, jalada lake limelainika kwa mafuta ya kupimwa. Kila mteja ana ukurasa wake. Juu limeandikwa jina ambalo mtaa unamwita, Mama fulani, Mwalimu, Fundi, Bibi wa nyumba ya bluu, kisha mistari: unga 2, sukari robo, mafuta ya 1,000, sabuni ya kipande, luku 5,000. Kilicholipwa kinapigwa mstari. Kisicholipwa kinabebwa ukurasa unaofuata, na ukiufuata huo utaona kimebebwa tena. Watu wanadhani duka lile lina hela, kwa kuwa linaonekana limejaa. Wenye maduka ya namna hiyo wengi wanachukua bidhaa Kariakoo kwa mali kauli, yaani wanapewa mzigo kwa neno lao, walipe wakishauza. Mangi anadaiwa na wa jumla kwa kile alichokukopesha wewe. Wa jumla hana kaunta buku ya huruma. Siku ikifika anapiga simu.

Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivuruga mashamba ya miwa na sukari ikaadimika. Kilo iliyokuwa ikiuzwa karibu 2,800 ilivuka 4,000 katika maduka mengi. Serikali ilitangaza bei elekezi, sukari ikaagizwa nje, na baada ya miezi hali ikatulia. Lakini mchukue aliyekopa kilo moja Desemba akaandikiwa 2,800, akaja kulipa Machi. Ametoa 2,800 na ameshukuru, na daftari linasema amemaliza. Mangi akiipeleka hiyo 2,800 dukani kwa wa jumla, kwa bei ya 4,000 inamletea gramu 700. Gramu 300 zimepotea, na hakuna aliyeziiba. Zidisha kwa kurasa zote za kaunta buku ile, halafu jiulize kwa nini maduka ya mitaani yanafungwa kimyakimya na kesho yake unaona kibanda cha wakala wa miamala mahali pale.

Benki imejilinda na jambo hilo kwa riba. Programu ya simu imejilinda kwa faini. Hata Bodi ya Mikopo ya wanafunzi ilikuwa na kinga yake: pamoja na mkopo wenyewe, mdaiwa alitozwa asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, mpaka tozo hiyo ilipofutwa 2021. Nilifurahi ilipofutwa, kwa sababu wapo waliokuwa wanalipa miaka na deni haliteremki. Ninachokitaja hapa ni kwamba mkopeshaji mkubwa alilijua jina la tatizo, akaliwekea tozo. Muuza duka wa mtaani, na dada yako, na jirani wa mtungi wa gesi, ndio pekee waliokopesha fedha au kitu bila kujiwekea ulinzi wowote. Gharama za maisha zinapopanda, wanaofidia pengo kati ya mshahara na bei ni wao. Sisi tunasema tumejibana. Kwa sehemu kubwa tumewabana wao.

Wazee wetu walilitatua hili bila kulisomea. Mtu akikopa kibaba cha unga kwa jirani, alirudisha kibaba cha unga, tena akikijaza mpaka kifanye kichuguu juu. Hakurudisha bei ya unga ya siku ile aliyokopa. Kitu kilirudi kikiwa kitu, na ile ziada ya juu ilikuwa hiari ya mkopaji, jirani hakuidai. Hapakuwa na wa kupunjwa kwa sababu njaa ya mwenye kukopesha inashibishwa na unga. Noti hazimshibishi. Siku hizi tumeandika kila kitu kwa shilingi, tukadhani tumekuwa wastaarabu zaidi katika kuandikiana.

Dini nayo haikuliacha deni. Katika Qur'ani, aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Sura ya Baqara, inahusu kuandikiana deni na mashahidi wake, na aya ya 280 imetangulia kumtaka mwenye kudai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki. Wadeni wamo pia katika makundi manane yanayostahili zaka. Waswahili wa pwani wamelichukua jambo hili mpaka kwenye jeneza. Kabla maiti haijaswaliwa, mtu wa familia anasimama mbele ya watu, anasema kwamba mwenye kumdai marehemu awaone wafiwa, deni lake wamelibeba wao.

Nilikuwepo kwenye maziko Temeke, marehemu alikuwa dereva wa bodaboda, kijana wa makamo. Maneno hayo yaliposemwa, alisimama muuza mkaa wa mtaa, vidole vyake vyeusi kwa kazi, akasema alikuwa anamdai madebe manne ya mkaa na ameyasamehe. Akasimama fundi wa pikipiki akasema hivyohivyo kuhusu tairi. Mama wa chakula hakusimama kwa kuwa wanawake walikuwa upande wa ndani, lakini alituma mtu aseme kwa niaba yake. Simu ya marehemu ilikuwa mkononi mwa mdogo wake, na wakati huohuo ujumbe wa kudai ulikuwa ukiingia, mmoja baada ya mwingine, ukitishia kumpeleka mahakamani mtu aliyelala mbele yetu. Nilitazama nani wamesimama. Wote walikuwa wale wa mkia wa foleni.

Kuna watu watasema dawa ni vikoba. Navipenda, na nimeona kikoba kikimtoa mtu kwenye shimo. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa za kila wiki, mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na riba ambayo mwisho wa mwaka inarudi kwa wanachama wenyewe. Lakini kikoba kinamtaka mtu awe na hisa ya wiki hii, na yule ninayemzungumzia wiki hii ameshindwa kununua gesi. Anahitaji kwanza kusimama ndipo aweze kujiunga na waliosimama.

Jambo linalouma zaidi kwa mdaiwa wa mpole ni aibu, kuliko hata kile kiasi chenyewe. Mtu akishindwa kumlipa Mangi mwezi wa pili, anaacha kupita mbele ya duka. Anapitia uchochoro wa nyuma, penye maji machafu, mtoto anatumwa duka la mbali kununua kiberiti. Kwa dada simu hazipigwi tena, hata za salamu, maana kila salamu inaonekana kama utangulizi wa kuomba. Hapo hasara imekuwa kubwa kuliko fedha. Nyumba imempoteza mtu pekee ambaye usiku wa homa ya mtoto angefungua dirisha la duka akatoa paracetamol na luku ya 2,000 bila kuuliza maswali. Wakali tumewalipa, wamebaki na namba yetu, wapole tumewakimbia.

Kwa hiyo ukinilazimisha niseme mtu afanye nini mwezi huu, bei zikiwa hivi zilivyo, nitasema amalize lenye riba kubwa kwanza, na akiwa njiani kulimaliza asikwepe mlango wa mvumilivu hata siku moja. Aende amwambie, "Mwezi huu sina, nina hili kutoka kausha damu mpaka mwezi wa nne, baada ya hapo zamu ni yako." Apeleke 2,000 hata kama deni ni 80,000. Wanaodai kwa upole wengi hawahitaji sana fedha yote kwa pamoja. Wanahitaji kujua kwamba wapo kwenye hesabu. Aliyeonyeshwa zamu yake kwenye foleni anasubiri tofauti na aliyeachwa kubahatisha.

Mwalimu mmoja jirani yetu, Tabata, alimaliza marejesho ya mtaani kabla ya Pasaka. Makato ya benki bado anayo, ila Jumatatu zake zimekuwa huru. Jioni moja nilikuwa dukani nasubiri chenji, akaja, akamwomba Mangi afungue ukurasa wake. Deni lilikuwa 86,000 na kitu, kurasa mbili, lingine la mwaka uliopita.

"Mangi, sitaki tuhesabu kwa hela," alimwambia. "Tuhesabu kwa vitu. Hii sukari ni kilo tano nilichukua. Nitakulipa kilo tano, kwa bei ya siku nitakayolipa."

Mangi alimtazama kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. "Mwalimu, na bei ikishuka je?"

"Ikishuka tumeshuka wote."

Akacheka, akavuta kalamu kutoka sikioni, akafikiri kidogo. Unga akakubali. Mafuta akakubali, lita tatu na nusu. Sabuni alisema iachwe kama ilivyo kwa sababu bei yake haijasogea na hataki kumla mtu. Walibishana juu ya maziwa ya unga, kwa sababu kampuni imepunguza ujazo wa pakiti na bei imebaki ileile, wakakubaliana wahesabu kwa gramu. Mimi na wateja wengine wawili tulikuwa tumeshasahau chenji zetu, tunasikiliza.

"Na zile luku mbili za 5,000 nilizokununulia usiku ule?" aliuliza Mangi.

"Hizo andika uniti 28. Nipe namba ya mita ya duka, nitakununulia humo humo mshahara ukitoka, lakini nitasubiri kwanza ile 1,500 ya kodi ya majengo ikatwe kwenye luku yako ya mwezi, zako zisije zikapungua."

Mangi akageukia ukutani nyuma ya friji ya soda, mahali namba ya mita ilipoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, akaanza kumsomea, tarakimu moja moja, naye Mwalimu akiziandika kwenye simu.